Marehemu wa Somo la Saba

Jumatatu, saa nane za mchana, Hervé alisimamisha pikipiki yake mbele ya duka la Ayoubu pale Kasongo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mfuko mtupu begani. Alikuwa ametoka Kabambare, kwa ile barabara ambayo mtu huianza na meno yote na humshukuru Mungu akifika na nusu.

"Vitabu vimeisha," alisema.

"Vyote?"

"Vyote kumi na tano, papa. Saa moja tu! Kuna mama alininyang'anya cha mwisho mukononi kama vile iko nyama ya Idi."

Ayoubu alicheka kwa furaha, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Kitabu chake kiliitwa *Jenga Tovuti kwa Siku Thelathini*. Kilikuwa cha kufundisha watu kuandika programu za kompyuta. Na Kabambare nzima, hata ukiikung'uta kama gunia la mpunga, hazidondoki kompyuta sita, na kati ya hizo mbili zinatumika kuzuia mlango usijifunge na upepo.

"Walikuwa wanakinunua juu ya nini?"

Hervé alivua kofia yake ya kasketi, akaishika kifuani kwa mikono miwili. "Pole, Ayoubu. Pole sana ya baba mukubwa. Miye sikujua. Juzi nilipita karibu na kwenu na sikusikia kilio."

"Baba mukubwa yupi?"

"Muzee Souleymane! Si umeandika weye mwenyewe? Ukurasa wa mia na kumi na mbili. Kule wote wanasoma ule tu. Kurasa zingine hazisomeki, ziko na alama kama nyayo za kuku."

Ayoubu alichukua nakala moja kwenye rafu. Akafunua haraka. Ukurasa wa mia na kumi na mbili ulikuwa na fremu nyeusi, nene kama kidole, na ndani yake maandishi makubwa:

*Kwa huzuni kubwa familia inatangaza kifo cha Mzee Souleymane Ramazani Mwinyikombo Lukungu wa Asani, wa Kasongo. Mazishi ni Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, baada ya sala ya adhuhuri. Wajulishwe: Bibi Subira wa Kabambare na wanawe wote, ukoo wa Salamabila, na jamaa popote walipo. Atakayesoma awafikishie.*

Aliinua macho kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa tarehe kumi Novemba. Na Mzee Souleymane, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, asubuhi hiyohiyo alikuwa sokoni, mzima kabisa, akimtukana mbuzi wa watu.

Maskini Ayoubu, hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu wa kupiga fotokopi, kuchaji simu na kuwaandikia wengine barua za kuomba kazi. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akisimama kwenye kilima cha shule ya misheni mahali ambapo mtandao unashika, mguu mmoja juu, kama korongo. Watu wanasema alisimama vile miaka miwili na mguu mmoja ukawa mfupi. Alipokwisha kujua, akaanza kuwafundisha wenzake kwa WhatsApp, kila mwezi Jumapili moja, somo moja, kwa Kiswahili. Alifundisha kutumia kiunzi. Kiunzi cha tovuti ni kama nguzo na fito za nyumba: mwingine ameshazisimamisha, wewe unabaki kukandika udongo tu.

Masomo yalifika thelathini, wanafunzi wakamwambia, toa kitabu. Akakitoa mwenyewe, bila mchapishaji wala msahihishaji. Alikusanya ujumbe wote, akaondoa salamu, akaondoa "mtandao unakatika, tutaendelea kesho," akaweka sura na namba za kurasa. Mke wake Chadia alisoma akitafuta makosa, ila kila alipofika penye alama za programu aliruka, na haki yake. Kisha mashine ya fotokopi ilinguruma siku kumi na moja, Ayoubu akabana kurasa kwa gundi na kukata kingo kwa panga lililonolewa mpaka likaweza kunyoa ndevu. Wino ulikuwa unaelekea kuisha, kurasa nyingi zikatoka hafifu. Ule wenye fremu nyeusi ndio uliotoka vizuri kuliko wote.

Somo la saba lilikuwa la fomu. Wanafunzi walitakiwa kujenga tovuti ndogo ya komunike, yale matangazo ambayo kila mtu Kasongo ameyapeleka redioni: fulani amefariki, fulani anaumwa, mbuzi wa fulani amepotea. Na komunike si habari ya kusikiliza ukikuna tumbo. Ukisikia imetaja jina unalolijua, unaamka, unampelekea mwenyewe, hata kama anakaa ng'ambo ya mito mitatu. Anayesikia akanyamaza ni sawa na aliyeficha maiti.

Kiunzi kina walinzi wawili kwenye fomu ile. Wa kwanza anakataa jina lililozidi urefu. Wa pili anakataa tarehe ya mazishi iliyokwisha kupita. Ili kuonyesha walinzi hao wakifanya kazi, Ayoubu alihitaji jina refu na tarehe ya mbali. Jina refu kuliko la baba yake mkubwa hakulijua. Siku ya kupiga kura, lilipoanza kusomwa, watu kwenye mstari walikaa chini. Na tarehe? Somo lile aliliandika mwaka 2022. Aliona Novemba ya 2025 iko mbali kama mwisho wa dunia, akaiandika, akanywa chai, akasahau.

Tarehe haikusahau. Ilikuwa inatembea pole pole, kila siku hatua moja, na sasa ilikuwa imebakiza hatua nne kufika mlangoni.

Chadia aliposoma ukurasa, alikaa chini palepale sakafuni.

"Weye Ayoubu. Umemuzika muzee mu kitabu?"

"Ilikuwa mufano."

"Mufano! Na mufano hauwezi kuwa na jina ya mutu haiko? Ungeandika Mutu Fulani wa Fulani!"

"Ilikuwa fupi."

Chadia alifunga kitabu. "Mwaka jana," alisema kwa sauti ndogo, "mbele ya watu, kwa ugomvi wa ule muti wa mungazi mupakani mwa mashamba yenu, ulimuambia nini baba mukubwa?"

Ayoubu hakuhitaji kukumbushwa. Aliyakumbuka maneno yake mwenyewe neno kwa neno: iko siku tutapumzika na kelele zako. Nusu ya mtaa ilisikia. Na sasa nusu hiyo ilikuwa na kitabu chenye jina na tarehe. Mzee angekufa Ijumaa, kwa homa, kwa kuanguka, kwa mfupa wa samaki, kusingekuwa na mtu wa kuuliza daktari. Wangesema Ayoubu ni mulozi, ameandika kifo cha mtu akakipiga fotokopi. Na mulozi, katika nchi ile, hapewi nafasi ya kueleza somo la saba.

Angekwenda siku ileile kwa mzee akamwambia, yangekwisha. Moyo ulimwambia nenda, miguu ikakataa. Badala yake, bila hata kutuma neno Kabambare, Jumanne aliamka mapema akazunguka mji kukusanya nakala alizouza. Mwalimu Grégoire wa shule ya misheni alimrudishia yake bila kusema neno. Ukurasa wa mia na kumi na mbili haukuwemo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, vizuri kabisa.

"Nani alikata?"

"Walikuja kuuomba," alisema Grégoire, akitazama viatu vyake. "Ayoubu, somo la nane ni zuri sana. Hilo nilielewa." Akafunga mlango, na Ayoubu akasikia komeo, kisha komeo la pili.

Sokoni ilikuwa mbaya zaidi. Alipopita, maneno yalikatika kama mtu amezima redio. Mama mmoja muuza samaki, ambaye kila siku humwita mume wangu kwa utani, alimvuta binti yake mdogo nyuma ya kitenge. Ayoubu alinunua samaki bila kuuliza bei, akamwachia chenji, na alipogeuka alisikia sahani ikimwagiwa maji pale alipokuwa ameweka mkono.

Jumatano, Hemedi alikuja dukani.

Huyu alikuwa mtoto wa Mzee Souleymane, mfyatua matofali, mwenye viganja ambavyo vikikushika bega unajua umeshikwa. Hakuingia kwa kishindo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kitabu mapajani, akakipapasa.

"Baba amelala tangu jana jioni," alisema. "Anatetemeka. Hakuli. Kuna mutu alimusomea ukurasa yako."

"Kaka Hemedi, niache nikueleze. Kile ni kiunzi, kiko na walinzi wawili…"

"Walinzi." Hemedi alitikisa kichwa taratibu. "Miye sikusoma, Ayoubu. Na siko mutu ya kelele. Ijumaa ikipita na baba iko hai, tutakunywa chai, tutacheka. Ikipita na baba haiko…" Akainua macho darini. "Nyumba yako ya kulala iko nyasi ama mabati?"

"Mabati," Ayoubu alijibu, kwa sababu koo lilijibu lenyewe.

"Inaungua vilevile. Inachukua muda kidogo tu."

Alisimama, akakiacha kitabu juu ya kiti, akaondoka bila kugeuka. Ayoubu aliwasha mashine, ili aonekane na kazi. Alikaa pale mpaka Chadia alipomkuta, na mashine ya fotokopi ilikuwa inatoa karatasi nyeupe, moja baada ya nyingine, hakuna aliyekuwa ameiambia kuacha.

Alhamisi asubuhi alifunga nguo tatu kwenye mfuko. Hervé angemfikisha Kindu, na kutoka Kindu dunia ni kubwa. Chadia alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kimbia," alisema. "Ukikimbia, umeweka sahihi chini ya komunike. Na miye ndiye nitabaki kuwaeleza. Nitawaeleza nini? Kiunzi?"

"Wataniua, Chadia."

"Ndiyo. Kwa hiyo enda kwa muzee kabla hajakufa. Akishakufa utaongea na nani?"

Akaenda. Watu wanapenda kusema alikwenda kama simba. Alikwenda akishika ukuta.

Kwenye baraza ya Mzee Souleymane alimkuta Léocadie, muuguzi wa kituo cha afya, akifunga mkoba wake kwa hasira.

"Nimepima mara mbili," alimwambia. "Malaria. Malaria ya kawaida, hata mutoto anaimaliza na vidonge. Viko juu ya kiti tangu jana. Hataki! Ananiambia mutu ya Ijumaa hahitaji dawa ya siku tatu."

Chumbani kulikuwa na giza na harufu ya ubani. Mzee aliyekuwa akisikika mtaa wa tatu alikuwa amekunjwa ndani ya blanketi, amebaki macho tu. Hemedi alisimama kichwani pa kitanda. Ayoubu alipiga magoti.

"Baba mukubwa, ni miye."

Macho yalimgeukia. Alitegemea matusi, na angeyashukuru. Mzee alitoa mkono chini ya blanketi, mkono wa moto kama chungu, akamshika kifundo cha mkono.

"Ayoubu," alinong'ona. "Itakuwa na maumivu?"

"Nini, baba mukubwa?"

"Vile umeandika. Inakuja kwa kuuma, ama mutu analala tu?"

Hapo hofu ya Ayoubu iligeuka sura. Siku tatu alikuwa anajiogopea mwenyewe. Sasa aliona kwamba malaria isingemuua mzee huyu. Kingemuua kitabu, na siku ilikuwa kesho, na aliyekiandika ni yeye. Alianza kueleza, haraka, maneno yakigongana. Alieleza simu, wanafunzi, urefu wa jina, mwaka 2022. Alitoa kompyuta ya dukani aliyokuja nayo, akaifungua juu ya kitanda, akaonyesha jina lile kwenye kioo, akalifuta mbele ya macho yao.

"Umeona? Halipo."

Mzee alitazama kioo. Kisha akagusa kitabu kilichokuwa kando ya mto. "Na hapa?"

"Hapa… kwenye karatasi hakufutiki, baba mukubwa."

"Ehee," alisema mzee, akarudi kujikunja.

Ayoubu hakujua afanye nini tena. Aliangalia kiti, akaona vidonge. Akachukua kimoja, akakitia mdomoni mwake, akakimeza bila maji, chungu mpaka machozi yakamtoka.

"Kama ni Ijumaa, ni Ijumaa ya wawili," alisema. "Kila kidonge unachomeza, miye nameza. Kila kijiko unachokula, nakula mu sahani ileile. Sitatoka hapa. Kesho adhuhuri itatukuta wote. Na kama kuna mutu anakuja kukuchukua, atatukuta wawili, achague."

Hemedi alisema, "Nasikia umesema."

"Nimesema."

Mzee alitazama vidonge, akafumbua mdomo kama kinda la ndege. Ayoubu alimwekea kidonge ulimini, na usiku ule alilala sakafuni kando ya kitanda, akihesabu pumzi ya mwingine. Kila pumzi ilipochelewa, na yake ilisimama.

Ijumaa, jua halijawa kali, pikipiki nane zilisikika zikipanda kutoka upande wa Kabambare. Shangazi Subira, dada yake mzee, alishuka kabla pikipiki haijasimama, akajitupa uani, akaanza kilio kilichowapandisha kuku wa mtaa mzima mapaani.

"Kaka yanguuu! Umeniachia nani! Jina refu vile na maisha mafupi vile!"

Mzee Souleymane alikuwa ameketi kitandani, jasho la homa inayoshuka likimtiririka, bakuli la uji mkononi. "Subira," aliita kupitia dirishani, "ni nani amekufa?"

Kilio kilikatika. Kikaanza kingine, cha juu zaidi. Shangazi Subira aliingia, akamshika ndugu yake masikio, pua, vidole vya miguu, akampiga kofi la furaha uji ukamwagika, na watu wakaanza kucheka, na Ayoubu kwenye kona ya baraza akaanza kuhisi kwamba huenda akaishi.

Ndipo wanawe wanne wa Subira walipoingia uani. Miguu yao ilikuwa na udongo mbichi mpaka magotini, na mabeleshi yalikuwa begani. Kwa watu wale, wapwa ndio wachimbaji, na makaburi yapo kandokando ya barabara mtu anapoingia mji akitokea Kabambare. Vijana wale, kwa heshima, hawakutaka kufika msibani mikono mitupu. Walipitia kwanza huko.

"Pole zenu," alisema mkubwa wao, hajamwona mzee. "Tumemaliza. Liko tayari."

Hata watoto walijua. Kaburi lililochimbwa halirudishiwi udongo likiwa tupu. Likifunikwa tupu, au likiachwa wazi mpaka jua lizame, litajitafutia mtu. Ayoubu aliona nyuso zote, pole pole, moja moja, zikimgeukia.

"Tuzike mugomba," alisema mzee mmoja wa jirani. "Ndivyo inafanywa. Tunakata mugomba, tunaufunga sanda."

"Mugomba umefanya kosa gani?" Shangazi Subira alitoka barazani, kitenge kimemlegea, macho mekundu. "Nimetoka Kabambare na pikipiki nane. Nimelia njia yote. Mugomba? Kinachostahili kuingia mule kinajulikana!"

Hemedi alichukua beleshi moja kwenye bega la binamu yake. Hakumtazama Ayoubu. Alilipima uzito tu, mkono hadi mkono. Ayoubu aliona mlango wa ua, akaona watu waliosimama mlangoni. Akajibana ukutani.

"Vitabu," ilisema sauti dirishani.

Ilikuwa ya Mzee Souleymane. "Vyote. Aende avilete. Na avizike kwa mukono yake."

Chadia ndiye aliyevileta, kwenye baiskeli, maboksi mawili yamefungwa kwa mpira, na juu yake nakala zote zilizokusanywa. Hervé na vijana wengine walikuwa wamekimbia nyumba kwa nyumba na kurudi na nyingine, hata zile kurasa zilizokatwa kwa wembe. Miaka mitatu ya Jumapili, mguu mmoja juu ya kilima, ilifungwa ndani ya shuka jeupe la kitanda chake mwenyewe.

Walifika makaburini mwadhini akikaribia kuadhini adhuhuri. Mzee alibebwa kwenye kiti. Hapakuwa na sala wala dua, kwa sababu kitabu si mtu, na shehe alikuwa amekataa hata kupita karibu. Palikuwa na shimo tu, na watu kulizunguka, na joto.

"Shuka," Hemedi alisema.

Ayoubu alishuka. Udongo wa chini ulikuwa baridi, na ukingo ulimfika kifuani. Chadia alimpa bunda, akalilaza, akalinyoosha, hajui kichwa kiko upande gani. Alipoinama kuliweka sawa, kitu kilimwangukia mgongoni, kizito, chenye unyevu. Udongo. Kisha beleshi la pili, kwenye shingo. Aliinua uso akaona mbingu ikiwa mstatili, na Hemedi juu yake, beleshi likiwa limejaa tena, uso hauna hasira wala huruma, uso wa mtu anayefanya kazi yake. Alitaka kupiga kelele jina la Chadia ikatoka pumzi tu. Alimsikia Chadia akipiga kelele yeye. Alisikia adhana ikianza mbali, sauti ndefu, na hakuna mtu aliyesogea, na akajua kwamba wote wanasubiri waone adhuhuri itamkuta nani.

Adhana ilikwisha.

Mzee Souleymane, juu ya kiti chake, alipapasa kifua. Akajipapasa shingo. Akavuta pumzi, akaitoa, akaivuta nyingine kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hemedi," alisema. "Mupe mukono mwenzako."

Kile kiganja kilishuka, kikamshika Ayoubu bega, kikamtoa shimoni kama mtu anavyong'oa muhogo. Alianguka pembeni, akatapika. Nyuma yake mabeleshi manne yalifunika *Jenga Tovuti kwa Siku Thelathini*, haraka haraka.

Baada ya magharibi mzee alimwita chumbani. Homa ilikuwa imeshuka, na alikuwa amekula nusu kuku. Aliwatoa watu wote, akamwambia Ayoubu afunge mlango, na Ayoubu alikaa kitandani akingoja kusamehewa au kutukanwa, vyote alivitaka.

Mzee aliingiza mkono chini ya godoro, akatoa kitabu.

"Kimoja nilikibakiza," alisema.

"Baba mukubwa! Si tumezika…"

"Sauti yako." Alilamba kidole, akafungua kurasa, akafika penye fremu nyeusi. Hakuonekana kuogopa tena. Alisogea karibu mpaka Ayoubu akasikia harufu ya vidonge mdomoni mwake. "Kuna kitu sikukuuliza jana, nilikuwa mugonjwa. Mutu akiwa Kindu, inamufikia?"

Ayoubu alikifunika kitabu kwa kiganja. "Ni somo, baba mukubwa. Mufano tu. Kama ingekuwa kweli, si ungekuwa umekufa leo? Uko hai!"

"Niko hai sababu ulikuja kunitoa. Watu wote wameona." Alimpapasa goti kwa upole, kwa adabu, kama mtu anavyompapasa mganga ambaye bado hajakubali kazi. "Sikulazimishi. Fikiri. Jina yake nitakuletea."

Ayoubu aliondoka bila kuaga. Uani, watu waliokuwa wakila walisimama wote alipopita. Viatu vyake, alivyoviacha ovyo mlangoni, mtu alikuwa amevipanga, vimeelekezwa njiani. Shangazi Subira alimwinamia kichwa. Vijana wenye mabeleshi walisogea kando ya njia, macho chini, na mmoja akamfunika mdomo mwenzake aliyetaka kumwita kwa jina.

Hemedi alichukua tochi kumsindikiza. Hakutembea kando yake. Alitembea nyuma, hatua mbili.

Walipokaribia nyumbani, Ayoubu aliona watu watatu wamesimama kwenye baraza ya duka. Hakuna aliyeshika simu ya kuchajiwa wala hati ya kupigwa fotokopi. Aliyekuwa mbele, mama ambaye hakuwahi kumwona, alimwamkia kwa mikono miwili, na katikati ya viganja vyake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ayoubu alirudi hatua moja, akagonga kifua cha Hemedi.

"Usiogope," Hemedi alisema taratibu, akimmulikia njia. "Hakuna mutu atakugusa tena."